Ijumaa Barabara Inafungwa

Ziwa letu halina adabu. Maziwa ya wenzetu yana mto wa kuingilia na mto wa kutokea. Hili letu la Dakota Kaskazini linakula tu, haliendi haja. Kila theluji ikiyeyuka linavimba na kupanda. Limemeza mashamba, limemeza barabara, limemeza vijiji na baa zake, na bado halijashiba. Mimi, Renae Tollefsrud, ndilo linalonilisha. Shamba la marehemu baba yangu liko chini yake, na juu ya shamba hilohilo napeleka wageni kuvua samaki. Ukitaka kunicheka, cheka. Hasira haijazi tumbo, ningekuwa nimeshanenepa.

Jumatano hiyo sikuwa na raha hata chembe. Nilipanga fimbo za kuvulia, nikazipangua. Niliangalia mafuta ya injini, nikasahau nilichokiona, nikaangalia tena. Sababu naijua: Ijumaa barabara ya kwenda kwa mama ilikuwa inafungwa. Walikwisha kuiinua kwa mawe na kifusi, kila ikiinuliwa ziwa linaifuata, mpaka wakubwa wakasema basi, haiinuliwi tena. Majirani wote wa upande ule walikuwa wamehama. Wengine walizibeba nyumba zao nzimanzima juu ya malori. Wengine zao zilichomwa moto makusudi, zisije zikaelea na kuvunja mashua za watu. Aliyebaki ni mama yangu, Ardis, bibi wa miaka themanini na ushee, peke yake juu ya kilima, katika nyumba ambayo baba aliipandisha pale kwa lori akiapa kwamba maji hayatafika huko kamwe.

Nilimwambia aje kukaa kwangu mjini. Akakataa. Nikamwambia tena. Akakataa. "Sitaki kukusumbua," akasema, na uso wake ukafunga. Haya, nikasema, mwenye shingo ngumu akae na shingo yake. Hayo yalikuwa ya mdomoni. Moyoni nilikuwa nachemka.

Asubuhi hiyo nilimpigia simu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Hakuna. Maji vipi?"

"Yapo."

"Yamepanda?"

"Kidogo. Wewe vipi?"

"Mzima."

"Haya."

Hayo ndiyo mazungumzo ya ukoo wetu. Ukituona tunaongea hivyo, ujue tunapendana sana.

Mgeni wangu wa siku hiyo alikuwa bwana mmoja wa Louisiana, kusini kabisa, jina lake Alcide Robichaux, mtu wa kitambi na kicheko, mdomo haukai kimya hata akiwa anameza. Alikuwa amesafiri kote huko kumtafuta samaki wetu mkuu, yule mwenye macho yanayong'aa gizani, ambaye sisi tunamwita jicho-kioo. Alipanda mashua yangu na kikapu cha chakula cha kutosha harusi.

"Dada Renae," aliniambia kabla hata hatujatoka bandarini, "mimi nikikosa samaki silii. Lakini nitakusema kwa kila mtu ninayemjua, na ninawajua wengi."

"Wewe vua, samaki niachie mimi."

Maneno makubwa hayo, na ziwa liliyasikia. Tulipita ghuba ya kwanza, patupu. Tukaenda kwenye daraja lililozama, patupu. Nilimfungia ruba mpya kwenye ndoano, maana jicho-kioo wa mwezi wa tano humpenda ruba mnene anayejinyonganyonga, na Bwana Alcide akawa anamwangalia ruba yule kwa huruma.

"Maskini. Anacheza peke yake, hana hata mtazamaji mmoja."

Sikucheka. Nilikuwa natazama ng'ambo, upande wa kilima cha mama.

"Dada, ng'ambo ile umeitazama mara ngapi leo?"

"Nasoma upepo."

"Upepo uko nyuma yako."

Ebo! Nikamwambia ashike fimbo yake aache yangu. Akacheka mpaka mashua ikatikisika, lakini baada ya hapo aliniangalia, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejaa mpaka kooni, nikajikuta namweleza. Barabara, Ijumaa, mama, kilima. Sikumweleza yote. Nilimwambia kwamba mama yangu ni mkaidi na kwamba mtu mzima ukishamwambia umemwambia.

"Mama wa peke yako?"

"Wa peke yangu. Sina ndugu."

"Hmm," akasema. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba fupi mno.

Nikaona heri nimpe samaki tuyamalize. Niliwasha injini, nikaelekea mahali ambapo siku nyingi huwa nasita kwenda. Vilele vya miti iliyokufa vimetokeza juu ya maji pale, vimejipanga mstari ulionyooka, vyeupe, havina gome. Baba aliipanda miti ile kuzuia upepo wa baridi usiingie uani kwetu. Mgeni anaona miti mibovu. Mimi naona ua. Wenzangu wa kazi hii wana mashine za kusomea chini ya maji, na mimi ninayo, lakini pale huwa naizima, maana kila inachonionyesha nakijua. Zizi lilikuwa pale, tangi la maji ya ng'ombe pale, na mtaro ambao baba aliuchimba akautukana kila mwaka ulipita katikati. Samaki wanaupenda mtaro ule kuliko baba alivyowahi kuupenda.

"Tupa kushoto," nikamwambia. "Karibu na mti uliopinda. Acha izame mpaka chini kabisa."

"Chini kuna nini?"

"Zizi."

"Na ng'ombe?"

"Waliuzwa. Tupa, bwana!"

Akatupa. Hakumaliza hata kuvuta pumzi, fimbo ikapinda. Loo, alipiga kelele ungedhani ni yeye aliyenaswa. Nilimwingiza samaki kwenye wavu wa mkono, mnene, mgongo wa dhahabu, macho yake meupe yakitutazama kwa chuki. Akafuata mwingine. Na mwingine. Bwana Alcide alikuwa anaimba kwa Kifaransa chao cha huko kusini, na mimi kwa kitambo kidogo nikasahau Ijumaa. Kazi nzuri ina ulevi wake.

Kisha upepo ukageuka. Pale kwetu hauombi ruhusa: ulikuwa kusini, sasa uko kaskazini-magharibi, na ziwa lote likaanza kuota manyoya meupe. Kurudi bandarini kulitaka kuvuka maji mapana, na mashua yangu si meli. Ilibidi tujifiche mahali mpaka upungue. Kulikuwa na sehemu nyingine za kujificha, nazijua zote, na mbili zilikuwa karibu zaidi. Lakini mkono wangu uligeuza usukani kuelekea kilima cha mama, na mimi nikauacha.

Tulipozunguka nyuma ya kilima, nilipunguza mwendo. Jumapili nilikuwa pale kwa gari, na maji yalikuwa chini kabisa, nje ya bustani yake. Sasa bustani haikuonekana. Nilifunga kamba ya mashua kwenye nguzo ambayo mama huanikia nguo. Sikutia hata nanga, nilifikia nguzo nikiwa nimesimama ndani ya mashua, na upande wa pili wa ua niliiona barabara, au niseme mkia wake, mawimbi yakiruka juu yake na kuanguka ng'ambo.

"Dada," Bwana Alcide alisema polepole, "umesema Ijumaa?"

"Nilisema walivyosema wao."

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Mwembamba, amejifunga aproni, nywele amezibana vilevile anavyozibana tangu nazaliwa.

"Mmekuja kwa maji," akasema.

"Upepo, Mama. Huyu ni Bwana Alcide, mgeni wangu. Tunapumzika kidogo tu, tunaondoka."

"Karibuni ndani. Mtakunywa kahawa?"

"Aa, hapana Mama, usijisumbue," nikasema mimi.

"Ndiyo, Mama, asante sana!" akasema Bwana Alcide, kwa sauti moja na yangu. "Na kama kuna cha kutafuna, mimi sikatai."

Mama akabaki ameshika birika hewani. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukubali kahawa yake upesi namna ile, hata mchungaji. Halafu uso wake ukafunguka, nikamwona anakaribia kucheka. Akatoa mkate wa viazi, ule mwembamba tunaouita lefse, akaupaka siagi na sukari, akauviringa, akamwekea mgeni mbele yake. Kisha akanigeukia.

"Renae? Kidogo tu?"

"Hapana, kweli, nimeshiba."

"Imeshachemka, itamwagwa bure."

"Basi nusu kikombe, kama ipo."

Akanijazia mpaka ukingoni. Bwana Alcide alikuwa ameacha kutafuna, anamtazama huyu, anamtazama yule.

"Ngojeni kwanza. Dada, tangu asubuhi unalia kahawa, kahawa, chupa yako imekwisha, umenywa mpaka yangu. Leo unaletewa mezani, unaikataa?"

"Ndivyo tulivyo," nikasema. "Ukikubali mara ya kwanza, wewe ni mlafi. Ukikubali ya pili, hukulelewa."

"Kwa hiyo mimi ni mlafi."

"Wewe ni mgeni," mama akasema. "Mgeni husamehewa."

"Na mwenyeji je? Anajua kwamba unadanganya?"

"Mwenyeji mwenyewe anadanganya," nikamwambia, maana nilishaanza kufurahia. "Mara ya kwanza na ya pili anakukaribisha kwa adabu tu. Akirudia ya tatu, hapo anakutaka kweli."

"Na asiporudia?"

"Unakwenda kunywa kwako," mama akasema, na sote tukacheka, hata yeye, akijifuta macho na ncha ya aproni.

Nje upepo ulikuwa unaipiga nyumba. Siwezi kukaa kitako nyumba ikipigwa hivyo. Niliinuka nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Mama akaniambia nitachakaza sakafu. Bwana Alcide alikuwa na mkate wake wa tatu, au wa nne, na alikuwa ametulia mno kwa mtu wa namna yake.

"Mama," akasema, "samahani, mimi sina siri, kwetu tunauliza. Barabara ile inakwenda. Utakaa wapi?"

"Nipo hapa."

"Hapa maji yako mlangoni. Kwa nini huendi kwa binti yako?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Kwetu swali kama hilo huulizi. Daktari wako mwenyewe hawezi kukuuliza hivyo bila kuanza na hali ya hewa. Mama alichukua kitambaa akaanza kufuta meza mahali palipokuwa pasafi. Alifuta, akakunja kitambaa, akafuta tena.

"Hajaniuliza," akasema.

"Sijakuuliza?" Nilipiga kelele, sikatai. "Mama! Sijakuuliza mimi? Krismasi nilikuuliza, hapa hapa, jikoni humu! Pasaka nikakuuliza! Ukaniambia hutaki kunisumbua! Leo mbele ya mgeni unasema sijakuuliza?"

"Mara mbili," akasema mama.

Hakupandisha sauti. Aliendelea kufuta meza.

Nilitoka nje. Niliufungua mlango upepo ukaninyang'anya, nikaenda kusimama pale kwenye nguzo, mashua ikigongagonga mguuni kwangu, nikatukana. Nilimtukana Alcide na domo lake, nikalitukana ziwa, nikamtukana baba na kilima chake. Nani anahesabu jambo kama hilo? Nyumba si kahawa! Mtu yuko karibu kufa maji anangoja adabu?

Nilipoishiwa matusi nikabaki na ukweli, na sikuupenda. Krismasi nilimwuliza nikiwa naosha vyombo, nimempa mgongo. Pasaka nilimwuliza nikiwa nimeshavaa koti, funguo za gari ninazo mkononi, nazichezesha. Mama alizisikia funguo zile. Mimi mwenyewe nilizisikia. Na alipokataa, mara zote mbili, nilipumua. Kwangu kuna chumba kimoja na kochi. Nilishazoea kula nikiwa nimesimama, kulala nikipenda, kutoulizwa mume wangu Duane alikwenda wapi na kwa nini simrudii. Nilimkaribisha mama yangu vile unavyomkaribisha mtu kipande cha mwisho cha keki, ukiomba Mungu asikichukue. Yeye ndiye aliyenifundisha desturi hiyo, angekosaje kunisikia? Niliona haya, haya ya kuchoma masikio. Na wimbi likaja likapita juu ya buti langu, mahali ambapo nilikuwa nimesimama pakavu.

Nikarudi ndani. Bwana Alcide alikuwa amesimama, amekunja kofia yake.

"Dada, nimekosea. Ngoja mimi nikae kwenye mashua."

"Kaa, kunywa kahawa yako. Umeuliza, sasa sikiliza."

Nilivuta kiti nikakaa. Nilikuwa sijakaa vizuri siku ile nzima. Nilikaa mbele yake, magoti kwa magoti, nikauchukua mkono wenye kitambaa.

"Mama."

"Naam."

"Njoo ukae na mimi."

"Una chumba kimoja."

"Utalala wewe chumbani. Mimi kwenye kochi."

"Na mgongo wako ule."

"Mgongo ni wangu."

Alitazama dirishani. Maji yalikuwa yanarukia kioo. "Nitakupangia makabati upya," akasema. "Najijua. Siwezi kuyaona vile ulivyoyafanya nikanyamaza."

"Utayapanga, nitakasirika, nitayapangua, utayapanga tena."

"Na nitakuuliza habari za Duane."

"Utaniuliza. Nami nitakupigia kelele, nawe utaniuliza kesho yake."

Mdomo wake ulitetemeka. Aliuficha kwa kuufuta na aproni. Bwana Alcide alikuwa anatazama chini ndani ya kikombe kitupu.

"Basi," mama akasema, "kama si kukusumbua."

"Utanisumbua sana, Mama. Njoo hivyohivyo."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe neno kama hilo. Mama aliniangalia, kisha akachomoa mkono wake mkononi mwangu akautia kwenye shavu langu, pamoja na kitambaa chenye maji, akautoa upesi, kwa kuwa kulikuwa na mgeni.

"Lini?" akauliza.

"Sasa hivi. Barabara haifiki Ijumaa, nimeiona. Upepo ukishuka kidogo tu tunavuka kwa mashua. Vitu vingine nitarudi kuvichukua."

"Sasa hivi," akarudia, na akainuka. Niliinama chini ya benchi la mlangoni kumtafutia viatu. Kwetu hakuna mtu anayekanyaga ndani na viatu; Bwana Alcide mwenyewe pale alikuwa na soksi tu, moja imetoboka kidole. Mama alikuwa mkali zaidi ya wote, aliwahi kumrudisha mlangoni mchungaji aliyekuja kuzika. Nilitafuta chini ya benchi, nikatafuta nyuma ya mlango.

"Mama, viatu vyako vya nje viko wapi?"

"Nimevaa."

Nikageuka. Kweli alikuwa amevivaa, vile vya ngozi, vyeusi, vya kupanda juu ya kifundo, kamba zimefungwa fundo juu ya fundo, amesimama navyo katikati ya jiko lake.

"Ulikuwa umetoka?"

"Sijatoka."

"Sasa mbona umevaa viatu ndani?"

Aliikunja aproni yake, akaiweka juu ya kiti, akainyoosha.

"Nalala navyo," akasema. "Maji yakija, nisije nikahangaika kuvitafuta gizani. Tangu Pasaka."

Bwana Alcide alienda akasimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Mimi nilipiga magoti pale sakafuni nikaanza kukaza kamba za viatu vya mama yangu, ingawa zilikuwa zimekazwa barabara, kwa sababu nilishindwa kumtazama usoni.